Mji wa Mageni Nyuma ya Mawe Mawili

Sogeeni, wanangu, sogeeni wote mpaka nisikie mnavyopumua, maana sauti niliyobakiwa nayo inatosha kusema mara moja tu na sitairudia kwa ajili ya mtu aliyekuwa anachezea simu. George, wewe mkubwa, keti hapo miguuni pangu nikuone uso. Abel, nyoosha mguu wako usikuume, hakuna atakayekusema. Agnetha, fungua daftari uandike, na usinirekebishie maneno, hata kama Kiswahili changu kina Usukuma mwingi ndani yake. Na wewe Mbuke, mtoto wa marehemu mke mwenzangu Mageni, mbona umesimama mlangoni kama mtu aliyepita kuuliza njia? Ingia. Hapa ni kwenu, na ni kwa ajili ya neno hilo moja nimewaita mchana huu, kabla ya kikao cha ukoo cha Jumamosi, ambacho naona kabisa kitafanyika mimi sipo.

Msidhani sijui mlichopanga. Mimi ni mgonjwa, si kiziwi. George amesema, na wazee wamemwitikia, kwamba shamba la nyuma ya mawe mawili na ng'ombe wa nyumba ya pili vibaki huku nyumba ya kwanza, kwa sababu Mageni aliidanganya familia kwa ramani ya dhahabu ya uongo, ng'ombe wa baba yenu wakauzwa wakaishia kwenye duara, shimo la dhahabu lisilokuwa na kitu, Abel akavunjika mguu humo, na mwanamke huyo akarudishwa kwao Kishapu kwa haki, na mtoto wake hana cha kudai. Hivyo ndivyo mlivyoambiwa tangu mlipokuwa wadogo. Mimi ndiye niliyekaa kimya mkaambiwa hivyo. Leo nasema mbele yenu kwamba ni uongo, na sehemu kubwa ya uongo huo ni yangu.

Abel, ingiza mkono chini ya kitanda, vuta hilo gunia la pamba. Taratibu, baba, humo hamna pamba. Baba yenu, marehemu Mayala, alipomfukuza Mageni aliniamuru nichome makaratasi yake yote, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikachoma kalenda za zamani na mifuko ya mbolea, yeye akaona moshi akaridhika, na makaratasi nikayakunja nikayasokomeza kwenye kihenge chini ya mtama. Miaka kumi na minane nimeyahamisha kila yalipotishiwa na mchwa au mvua. Kila baada ya mavuno nilikuwa nayafungua peke yangu, natazama, nafunga. Mlidhani mama yenu anahesabu magunia.

Yatandazeni sakafuni, yako kumi na moja, kila moja ina namba pembeni. Unganisheni kingo. Sasa tazameni, na ninyi mnaosema huyu mwanamke alikuwa tapeli, tazameni vizuri zaidi.

Huo ni mji. Hamtaukuta Shinyanga wala Geita wala Mwanza, haupo popote. Mageni aliutoa kichwani akauweka kwenye mbuga yetu, hapo ng'ambo, kuanzia uzio wetu mpaka nyuma ya yale mawe mawili, mkiyaangalia mtayatambua, hayo hapo katikati ya karatasi ya sita. Angalieni barabara ile inavyoondoka. Hapa chini ni pana, mikokoteni minne inapita sambamba, halafu nyumba zinaanza kupungua kidogokidogo, milango inakuwa midogo, miti inakuwa midogo, watu wanakuwa wadogo, kingo za barabara zinasogeleana, mpaka kule nyuma ya mawe kila kitu kimekuwa nukta moja. Nilipoona mara ya kwanza nilirudisha mguu nyuma, nikidhani nitatumbukia ndani ya karatasi. Mageni akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi hiyo aliijua tangu usichana. Alikuwa mpishi katika kambi ya watafiti wa madini kule upande wa Geita, na humo kambini kulikuwa na mchora ramani mmoja, Mhaya, anaitwa Theonest, mzee mpole asiyependa kula peke yake. Jioni baada ya kuosha masufuria alikuwa akimfundisha Mageni kwa rula na penseli namna ya kufanya kitu cha mbali kiwe mbali kwenye karatasi bapa. Kambi ilipofungwa, Theonest akampa makaratasi makubwa yaliyotumika upande mmoja. Geuza hiyo ya sita, George. Unaona? Mgongoni kuna mistari ya watafiti na namba zao zilizochapwa. Kumbuka mgongo huo, tutaurudia.

Basi Mageni akaolewa hapa, mke wa pili, na mimi sikumpenda. Niandikie hivyo hivyo, Agnetha. Alikuwa mrefu, mkimya, halali mchana, na uji wake haukuwa na mabonge. Lakini mvua za masika ya mwaka wa pili tulifungiwa ndani siku tatu pamoja, na kwa kuchoka kunyamaza nikamwambia, haya, nieleze hayo makaratasi yako. Akanieleza. Ndipo nikajua kwamba picha ni nusu tu ya kazi yake.

Oneni vile vialama vidogo vilivyojaa barabarani kama mchele uliomwagika. Kila kimoja kina maana, na maana zake ziko kwenye karatasi ya kwanza, pale pembeni. Mistari mitatu iliyopinda ni upepo. Duara lenye mkia ni kelele, na kelele ikizidi mkia unarefuka. Vidoti viwiliviwili ni nyayo za watu, vinne ni za ng'ombe. Mraba uliopakwa ni kivuli, na ndani yake ameandika saa kinapofika na saa kinapohama. Barabara ile ya kisimani ameichora mara tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni, hakuna ng'ombe hata mmoja aliyechorwa, lakini ukifuata vidoti unawaona wanavyotoka, wanavyosongamana penye maji, wanavyorudi wameshiba na vumbi lao linakwenda wapi ili lisiingie kwenye vyungu vya mama lishe. Mtu gani anafikiria vumbi kabla mji haujajengwa? Mageni alifikiria.

Na hapo sokoni, karatasi ya nne, kando ya kila njia kuna ukuta mfupi usiobeba paa. Nilimuuliza, ukuta huu wa nini, hauzuii hata mbuzi? Akasema, dada, huo una urefu wa bega la mwanamke. Ukitoka shambani na mzigo kichwani unausogeza tu pale juu, unapumzika, kisha unajitwisha mwenyewe bila kumwomba mtu. Mimi nimebeba kuni na maji kichwani tangu nikiwa mtoto, wanangu, na hakuna mwenyekiti wala diwani wala mume aliyewahi kunifikiria kiasi hicho. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Uwanja ule wa mviringo mnaouona kwenye karatasi hiyohiyo ni wa ngoma. Hapo ameandika bugobogobo yote kwa nyayo: mguu mweusi ndio unaokanyaga, mguu mweupe ndio umeinuliwa, na kale kamstari ni jembe linavyorushwa. Mimi niliyeishia darasa la pili, niliyesoma jina langu kwa shida, niliisoma ngoma ile. Niliiweka karatasi ukutani, nikachukua jembe, nikafuata alama moja moja hadi mwisho, na ilikuwa sahihi, hata ile hatua ya kuchelewa kidogo ambayo vijana wa siku hizi wanaikosea. Mageni alinipigia makofi. Tulikuwa wanawake wawili tunacheza mchana ndani ya nyumba kwa sababu karatasi imetuambia. Sijui kama nimewahi kufurahi zaidi ya siku ile, na baba yenu alinioa kwa ng'ombe wengi na shangwe kubwa.

Nipe maji, Mbuke. Si wewe Agnetha, wewe andika. Ahsante, mwanangu.

Sasa lile baya. Katika Usukuma wetu mnajua kigoda cha mke mkubwa hakikaliwi na mke mdogo. Changu ni hicho hapo mlangoni, alichonga baba yangu mzazi. Siku moja nilitoka gulioni Kharumwa mapema, nikamkuta Mageni amekaa juu yake, hapo hapo mlangoni pangu, ubao magotini, penseli mkononi. Aliruka akasimama, akasema, nisamehe dada, nilikuwa nachora. Nikamwambia, kwani mlango wako hauna mahali pa kukaa? Akaubana ubao wake kwapani. Nikakiosha kigoda kile kwa maji mbele yake. Jirani zangu wakaniambia wamemwona akikikalia siku nyingi za gulio, anasubiri niondoke. Kile kicheko chetu cha masika kikaishia hapo. Nikasema moyoni, kumbe anajipimia nafasi yangu nikiwa bado hai.

Wakati huo akafiwa na baba yake, akaenda Kishapu kuzika. Na siku hizo ndipo alipokuja hapa Marwa, yule mchimbaji aliyekuwa anaongoza kundi la maduara ya bondeni, kununua mtama kwa baba yenu. Mlango wa Mageni ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, karatasi ya sita iko ukutani. Marwa akaingia kama anaingia kwake. Akatazama mistari yote, kutoka kila pembe, inakimbilia nukta moja nyuma ya mawe mawili. Akatazama vialama vilivyozidi kuwa vingi kadiri unavyoikaribia ile nukta. Akageuza, akaona mgongo wa watafiti. Akashika kichwa. Akamwita baba yenu, akamwambia, mzee, unalala njaa na mkeo wa pili ametoka kambini na ramani ya mwamba wa dhahabu.

Wakanigeukia mimi. Mama George, wakasema, wewe unakaa naye, hii ni nini?

Wanangu, mimi nilijua. Nilikuwa nimemuuliza Mageni kuhusu nukta ile, kwa maneno yangu mwenyewe, nikamwambia, hapo mistari inapokutana kuna nini? Akanijibu, dada, hapo si mahali. Ukienda utakuta barabara bado pana vilevile, na nukta imesogea mbele. Hapo ni macho tu yamefikia mwisho wa nguvu zake. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliona kigoda changu, nikaona mgongo wake amekikalia, nikasema, mimi sijui, ila najiuliza kwa nini huwa anachora nikiondoka. Basi. Sikusema zaidi. Ilitosha.

Walipima wakachimba. Mageni aliporudi na nywele za msiba alikuta duara limeshafika kina cha watu wanne waliobebana mabegani. Alicheka kwanza, maskini, akidhani ni mzaha. Kisha akalia, akawazunguka akisema hakuna kitu hapo, ni mchoro, ni mji, hakuna kitu. Ninyi mnawajua wachimbaji. Mtu akiwaambia hakuna kitu, wanaongeza matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za duara, wanashuka zaidi. Wakasema anataka kuwawekea ndugu zake wa Kishapu. Alinitazama mimi, akasema, dada, waambie. Nikaingia ndani nikachambua mchicha.

Wiki ya sita matimba yakakatika, na wewe Abel ulikuwa umezama humo bila ruhusa yangu. Walikutoa ukiwa hai, namshukuru Mungu. Usiku huo sikulala, na kesho yake baba yenu akamfukuza Mageni, na yeye akaondoka na wewe Mbuke, una miaka mitano, umeshika kandambili zako mkononi. Alipopita mlangoni pangu aliniambia kitu kimoja tu. Yatunze makaratasi, mama George, yalichorwa kwa ajili yako. Nikadhani ananidhihaki.

Abel, usiangalie chini. Mguu wako haukuvunjwa na Mageni. Ulivunjwa na ulimi wangu uliokataa kusema maneno machache. Kama unataka kunichukia nichukie leo, nikiwa bado nasikia, usije ukamhamishia Mbuke. Umetikisa kichwa? Basi nipe mkono wako. Una joto, kama ulivyokuwa mtoto.

Ngojeni nipumue.

Kuna kitu cha mwisho, na hiki hata mimi nilikijua mwaka jana tu. Theonest aliwahi kuja hapa kumsalimia Mageni, mzee wa watu, kabla ya mambo yote hayo. Aliisifu kazi mpaka akavua kofia, ila kosa moja akalitaja nami nikiwepo. Alisema, binti yangu, mji mzuri hivi, kwa nini mstari wa macho yako unawapita watu kiunoni? Tazameni, ni kweli. Kwenye mchoro wa mtu aliyesimama, alisema, vichwa vyote vya waliosimama viko kwenye mstari mmoja na macho yake, walio karibu na walio mbali. Huu wako umepita viunoni mwao wote. Ni nani anauangalia mji huku amekaa chini? Mageni akatabasamu, akasema, yupo.

Mwaka jana miguu ilipoanza kunikataa, Agnetha akawa ananiweka mlangoni asubuhi, juu ya kigoda. Siku moja ninyi mkiwa shambani kwenye pamba, nikaitandaza karatasi ya sita magotini. Nikainua macho kuangalia mbuga, nikashusha kuangalia karatasi, nikainua tena. Jiwe la mbele lilikuwa limelifunika jiwe la nyuma nusu, upande wa kulia, vilevile kama karatasi. Nikajivuta kwa kushika fremu ya mlango, nikasimama: kichwa cha jiwe la nyuma kikachomoza, kwenye karatasi hakipo. Nikakaa, kikajificha. Nikamwomba jirani anipeleke na kigoda mpaka mlango wa Mageni, ule mlango uliobomoka. Kutoka pale mawe yameachana kabisa, unapitisha mkokoteni katikati yake.

Mnanielewa? Mji wote ule, nyumba zake, vumbi lake, kuta zake za kutulia mizigo, ulipimwa kutoka kwenye macho yangu mimi, nikiwa nimekaa mlangoni pangu kwenye kigoda cha baba yangu. Yeye alikuwa mrefu kuliko mimi, mnamkumbuka. Ili aone ninachoona ilibidi akae hapo na kujikunja. Hakuwa ananinyang'anya nafasi. Alikuwa anaazima macho yangu anijengee kitu cha kuangalia. Marwa na baba yenu walichimba kule mistari inakokwenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza inatoka wapi. Nikatuma salamu Kishapu siku ileile. Nikajibiwa kwamba amekwishazikwa, mwezi wa tatu sasa.

Niliomboleza peke yangu kama mjane.

Agnetha, haya sasa yaandike kwa herufi kubwa. Shamba la nyuma ya mawe mawili ni la Mbuke, pamoja na duara lililo ndani yake, ambalo masika hujaa maji na ng'ombe wenu hunywa bila aibu. Ng'ombe wa nyumba ya pili ni wake, na ndama wao wote. George, utamkabidhi wewe mwenyewe kwa mkono wako, mchana, watu wakiona, na kwenye kikao utayasoma haya yote, hata panaponiaibisha mimi. Hapo hasa usiparuke. Karatasi hizi zisigawanywe, asije mtu akasema apewe moja ya ukumbusho. Zikitenganishwa barabara zinakatika na ng'ombe hawafiki majini. Zote ni za Mbuke. Siku ya kuanua matanga yangu mzitandaze uwanjani juu ya maturubai ya pamba, watu wazunguke waone, waambiwe nani alichora, jina lake lote. Na msiponichezea bugobogobo ile ya karatasi ya nne, kama nyayo zilivyoandikwa, nitajua.

Mimi nilazeni nimeelekea mawe. Baba yenu atanisamehe.

Sauti inaniishia... George, lia tu, wewe si jiwe. Mungu awape mvua na mifugo, awape macho ya kumwona mtu akiwa bado hai. Abel, Mungu akutembeze. Agnetha, mkono wako usichoke. Nawabariki wote, wa nyumba ya kwanza na wa nyumba ya pili, kwa mkono mmoja huu... siwezi kuuinua, mtaushika wenyewe.

Mbuke. Nenda pale mlangoni, mayu. Kile kigoda. Si kwa kukiegemea... kaa. Kaa kabisa. Jikunje kidogo, umerefuka kama mama yako. Inua macho sasa.

Yamefunikana? Nusu?

Haya. Niambie... soko limefunguliwa?